Gari la Baba kwa Mafungu Ishirini na Manne

Jumatatu, 14 Aprili 1986

Naanza kuandika humu kwa sababu nikifungua kinywa leo nitatukana.

Barua ya Zein imefika kutoka Mombasa, kurasa mbili za taipu. Tangu mdogo wangu aajiriwe ukarani kwenye ofisi ya bima, hata shikamoo huipiga taipu. Anasema bei ya gari la marehemu baba ni shilingi 20,316. Wala hakuizungusha iwe elfu ishirini. Ameambatisha hesabu: baba alilinunua mwaka 1981 kwa 62,000 kwa yule Mtaliani aliyefunga hoteli akarudi kwao, kila mwaka gari hupungua sehemu moja kwa tano, miaka mitano, jibu hilo hapo. "Kwa mujibu wa jedwali la ofisi." Na yeye, kwa hisani yake, yuko tayari kulichukua kwa bei hiyo na kutulipa sisi wengine haki zetu.

Hesabu nimeikagua mara mbili. Haina kosa, na hilo ndilo linalonichoma.

Baba, Mzee Gharib, alitutoka tarehe kumi Februari. Nyumba hii ya mtaa wa Barani ni wakfu, haigawanyiki. Fedha za benki zilimalizikia hospitali. Kilichobaki ni gari: jekundu, la michezo, milango miwili, juu halina bati ila turubai linalokunjwa nyuma. Baba alilikodisha kwa watalii na kwa maharusi, na mtu mzima yule akiliendesha alikuwa akikaa kama bwana harusi mwenyewe.

Warithi ni watatu. Bi Hafidha, mama yetu wa kambo, ana thumni yake, sehemu moja kwa nane. Kinachobaki, Zein apate mara mbili yangu. Basi gari ni mafungu ishirini na manne: Bi Hafidha matatu, mimi saba, Zein kumi na manne. Sigombi na sheria ya Mungu, nagomba na 20,316. Kwa bei hiyo Bi Hafidha anapata 2,539 na nusu, na mimi 5,925 na nusu. Kila elfu moja Zein anayoibana kwenye bei, mimi inanitoa 291 na senti 67.

Tumekubaliana kutokaa kikao cha mirathi mpaka Bi Hafidha atoke eda, katikati ya Juni. Nina miezi miwili. Bei ya gari hili nitaijua mimi.


Alhamisi, 17 Aprili

Mvua imeanza usiku, leo imeshika kweli. Nimekwenda kulitazama gari chini ya kibanda cha makuti. Bi Hafidha, ambaye hatoki, alinichungulia dirishani.

"Mwanangu, unalizunguka hilo gari kama unayelitafutia mume."

"Nalitafutia bei, Mama."

"Ni mamoja. Wa kwanza kuja hudanganya."

Mwaka 1966 mama mzazi alipofariki nilikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa hesabu. Baba alinitoa shule nikamlee Zein, aliyekuwa na miaka mitatu. Nimembeba mgongoni huku nauza vitumbua. Kwa vitumbua nikanunua cherehani kibovu, kwa cherehani kibovu nikanunua kizima, na leo nashona vivuli vya turubai kwa hoteli sita na viti vya magari kwa yeyote anayelipa. Zein alisoma mpaka kidato cha nne. Sasa ananifundisha mimi kutoa.


Jumanne, 22 Aprili

Jua, siku nzima! Mtaliani mmoja mwenye nyumba kule kwa matajiri alipita akaliona gari limetolewa nje kukauka. Alilizunguka mara tatu, akalipapasa kama ng'ombe, akasema akirudi Desemba atalinunua kwa elfu sabini na tano.

Sabini na tano kwa ishirini na nne ni 3,125. Bi Hafidha 9,375. Mimi 21,875. Kile cherehani cha kushonea turubai zito nilichokiona Mombasa ni 53,000, na akiba yangu posta ni 31,200. Jumlisha: 53,075. Zinabaki shilingi sabini na tano za nauli.

Nimemwandikia Zein, kwa mkono, herufi kubwa: SABINI NA TANO ELFU. Leo nimekula biriani ya kununua.


Jumanne, 29 Aprili

Simu ya maandishi kutoka kwa Zein: JEDWALI NI JEDWALI. Maneno matatu, na kila moja kalilipia.


Jumamosi, 3 Mei

Kiponda alikuja asubuhi. Yeye ni makanika, mtu wa Ganze, na hakuna injini katika mji huu asiyoijua kwa sauti. Nimemlipa mia mbili anikagulie, maana sitaki mtu aniambie "alipendelewa".

Alianza na injini. Ikaitika. Nikatabasamu. Akaendesha hadi uwanja wa ndege na kurudi: gia ya nne inaruka, klachi imechoka, tairi mbili zimeisha. Nikaandika. Nikadhani tumemaliza.

"Bado," alisema. "Bi Siti, gari la kawaida paa ndilo linaloshika mwili. Hili halina paa. Nguvu yake yote iko sakafuni. Hebu fungua mlango, ufunge."

Nikafungua, nikafunga. Sawa.

Akatia jeki chini ya ubavu, karibu na mlango, akalinyanyua shubiri moja. "Sasa fungua, ufunge."

Mlango ulifunguka. Kufunga haukufunga. Uligota kwenye ukingo, na ule mwanya uliokuwa unaingia kidole sasa hauingii hata ukucha.

"Limejikunja," nikasema.

"Kama kitanda cha kamba."

Akatoa sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio, akaipitisha chini ya mlango. Penye bati hushika. Penye puti, ule udongo wa kuzibia matundu, huanguka. Ilianguka mara nne upande wa kushoto, mara tatu kulia. Kisha akaniambia niinue zulia nyuma ya viti. Lilikuwa limelowa, lina harufu ya pwani ya mikoko. Chini yake pamepakwa lami, nene, nyeusi, inang'aa. Akaigonga kwa bisibisi, polepole, kama daktari anavyogonga kifua. Mara ya tano bisibisi ikazama mpaka mpini.

"Mulungu wangu," alisema Kiponda. Niliona mchanga wa kibandani kupitia sakafu ya gari.

Kukata, kutia bati jipya, kuchomelea, kupaka rangi: elfu kumi na nne, na hapo ameshanihurumia. Mambo ya gia, klachi na tairi: elfu tano na mia tano.

"Limeozaje hivi?" nikamwuliza.

"Maji. Ya chumvi au ya mvua, sijui. Yamekaa humo miaka."

Nikasema ni feri ya Kilifi. Baba alikuwa akivuka kila wiki, na bahari ikichafuka hurusha maji mpaka kwenye vioo. Feri ndiyo yenye hatia, nikaandika hivyo, nikapiga mstari chini yake.


Jumapili, 4 Mei

Kama yule Mtaliani angeniwekea fedha mkononi siku ile ya jua, ningezipokea. Hilo halinifurahishi.


Jumapili, 11 Mei

Ramadhani imeingia. Mvua. Kichwa chauma, kahawa ndiyo inayodai.


Jumamosi, 17 Mei

Leo lazima niandike yote.

Nilisikia kuna hoteli ndogo Kikambala ambayo meneja wake, Musembi, aliuza gari la aina hii hii Desemba iliyopita. Nikaona bora nikasikie bei ya kweli kwa mtu aliyeshika fedha za kweli. Kiponda akakubali kuendesha. Kwa heshima, na kwa kuwa Barani watu wana macho, nikamwomba mkewe Kabibi aje nasi. Mimi mbele, Kabibi kwenye kile kibenchi cha nyuma ambacho Wataliani walikikusudia mbwa.

Hadi Gede kulikuwa na manyunyu tu. Baada ya Gede mvua ikashuka kama imekatwa kamba. Turubai juu yetu likanguruma. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo: turubai hilo nililishona mimi, mwaka 1984. Baba alinilipa 1,800 taslimu na watu wakamcheka kwa kumlipa mwanawe. Nililishona kama ninavyoshona vivuli vya hoteli, mshono mara mbili, na tone halikupita juu ya kichwa changu.

"Kiponda," Kabibi akaita kwa nyuma.

"Naam."

"Hili gari lina choo?"

"Choo cha nini?"

"Basi mimi nimeketi ndani ya nini?"

Kiponda alicheka hadi gari likayumba. Nikageuka. Kabibi alikuwa amepandisha miguu kwenye kiti, leso zake zinachuruzika, na maji yalikuwa yakiingia nyuma ya kiti chake, si kwa matone. Kwa mkondo, kimya, kama mtu anayemimina kutoka birika.

Tulisimama Kilifi kwenye foleni ya feri. Wakaja wauza korosho, Kabibi akanunua mifuko miwili, akaifutika asile mbele yangu nimefunga. Mvua bado inapiga. Nikahamia nyuma, nikapitisha mkono ukingoni ambapo turubai linakutana na mwili wa gari. Nikahisi mshono wangu. Naujua mshono wangu hata gizani.

Nyuma pale kuna kifereji cha bati, kipana kama vidole viwili. Mtengenezaji alikusudia turubai liishie ndani ya kifereji, maji yateremke humo, yatoke kwa tundu chini. Mimi turubai nilikuwa nimelivusha kifereji, nikalikunja, nikalipigilia ng'ambo yake, likavutika vizuri bila mkunjo. Kivuli cha hoteli hushonwa hivyo. Chini ya kivuli hakuna kifereji cha kukiziba. Nilikuwa nimekifunika. Maji yakikosa kwa kwenda yanarudi ndani, na yamekuwa yakirudi ndani masika mbili na vuli mbili, na hii ya tatu.

Feri haina hatia. Nimefuta ule mstari.

Kiponda alikuwa akinitazama kwenye kioo. "Umeona kitu?"

"Nimeona maji," nikamjibu.

Tukavuka, tukapanda kilima cha Mnarani, na hadi Kikambala nilihesabu nguzo za simu nisije nikahesabu kitu kingine.

Musembi alitupokea vizuri. Mtu mnene, mchangamfu, akaomba radhi kwa kunywa chai mbele yangu kisha akainywa. Alijibu kila nililouliza, jambo ambalo wauzaji wa magari hawana desturi nalo. Desemba aliuza kwa elfu sitini na nane. Sakafu ilikuwa nzima, aliikagua mnunuzi mwenyewe kwa tochi.

"Nilianza kuomba themanini na tano," alisema. "Mwezi mzima, hakuna hata aliyepiga honi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo mama, mwezi wa sita, niliambiwa arobaini. Gari lile lile. Halikupungua hata skrubu."

"Kilichobadilika?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye mawingu.


Jumapili, 18 Mei

Sikushona leo. Sakafu ni elfu kumi na nne. Kosa la nani? La mtu ambaye kwa miaka yote amekuwa akisema hajawahi kurudishiwa kazi.

Nani anajua? Mimi tu. Kiponda anahisi. Nikinyamaza, sakafu ni uchakavu, na uchakavu ni wa warithi wote.


Jumamosi, 24 Mei

Kiponda alipita kuchukua kiti alichoniletea nishone. Akaniuliza habari za Zein, nikamwambia Zein anataka kutuibia kwa jedwali.

"Awaibie?" Kiponda akacheka. "Huyo ameibiwa yeye. Hukusikia habari za pikipiki?"

Zein, Machi, aliuza pikipiki yake kwa mwenzake wa ofisini, Musyoka. Akafungua jedwali, likamwambia 2,600, akauza 2,600. Wiki iliyofuata Musyoka akaiuza elfu sita Changamwe. Shemeji yake Kiponda ndiye aliyeinunua.

Nimecheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikaacha kucheka. Mwizi hajiibii. Tangu Aprili nimemwita ndugu yangu mjanja, na kumbe ni mtu anayeamini jedwali, kama wengine wanavyoamini waganga.


Ijumaa, 30 Mei

Mvua asubuhi. Mvua mchana. Vivuli kumi na viwili vya hoteli moja, vyote vimekubaliwa. Nimekagua kila ukingo mara mbili.


Jumatatu, 9 Juni

Idd. Zein amekuja na basi la asubuhi, kanzu mpya, amekonda. Akanibusu mkono. Bi Hafidha, zikiwa zimebaki siku kumi za eda, alitupikia tambi na kututazama tukila kama anayetazama mechi.

Baada ya swala ya Adhuhuri tuliketi barazani, mvua ikiwa imepumzika.

"Dada, nilipata barua yako ya sabini na tano."

"Na mimi nilipata simu yako ya maneno matatu."

"Sabini na tano umeitoa wapi?"

"Kwa Mtaliani. Na pikipiki yako uliuza ngapi?"

Akaangalia viatu. "Nani kakwambia?"

"Ngapi?"

"Elfu mbili na mia sita."

"Na Musyoka akauza?"

"Elfu sita."

"Ukasemaje?"

"Nilidhani Musyoka kakosea."

Tulitazamana. Mimi nilianza kucheka, yeye akafuata, na Bi Hafidha akapiga kelele dirishani, "Nami nichekesheni, nimechoka na kuta!"

Tulipotulia Zein alisema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. "Dada, jedwali halinijui mimi. Ndilo nililolipendea. Humu ndani kila nilichopata kilikuwa chako kwanza. Shule, viatu, hata chakula. Nikasema hili moja lisiamuliwe na mtu. Liamuliwe na kitu kisichojua nani mwana wa kiume."

Nilimwongezea tambi.

Jioni nikamtembeza nje, tukainua zulia. Akachungulia mchanga chini. "Jedwali halikusema hivi," akanong'ona. Nikataka kumwambia habari ya kifereji. Sikumwambia. Idd, nikajisingizia.


Alhamisi, 12 Juni

Nimekaa na hesabu tangu alfajiri. Nimeacha sabini na tano, maana Mtaliani alisifu rangi hakuona sakafu. Nimeacha 20,316, maana kwa jedwali gari lililolala kwenye sanduku na gari lililozama baharini ni sawa.

Nimeshika la Musembi: 68,000, gari zima, Desemba, fedha mkononi. Toa sakafu 14,000. Toa gia, klachi, tairi 5,500. Inabaki 48,500. Hapa nilisimama muda: bei ya Juni au ya Desemba? Bei ya Juni itampa zawadi atakayelichukua. Bei ya Desemba kamili itamwonea, maana yeye ndiye atakayelilinda miezi sita. Nikakata njia: Desemba, toa bima na leseni ya barabara mpaka wakati huo, na usumbufu, 4,500. Inabaki 44,000. Namba ya injini hailingani na ile ya kwenye kitabu cha gari, yule Mtaliani aliyemuuzia baba aliibadilisha bila kuandikisha. Kusafisha hilo ni 2,000. Inabaki 42,000.

Turubai jipya ni 3,500. Nililiandika. Nimelifuta. Hilo si la warithi.

42,000 kwa ishirini na nne ni 1,750. Bi Hafidha 5,250. Zein 24,500. Mimi 12,250.

Cherehani cha Mombasa kimeniponyoka, kwa 9,550. Ajabu ni kwamba leo nitalala vizuri.


Jumamosi, 14 Juni

Nimejiuliza swali moja: kwa bei hii, mimi mwenyewe ningelichukua? Nikilichukua nitatoa 29,750, akiba yangu itabaki 1,450, na nitakuwa na gari la maharusi, na daftari la Bi Hafidha la ukodishaji linaonyesha mwaka jana pekee arusi ishirini na mbili. Nisipolichukua nina 12,250 mkononi na akiba yangu nzima. Nimejaribu kupendelea upande mmoja. Sikuweza.


Alhamisi, 19 Juni

Bi Hafidha katoka eda. Kaoga, kavaa, katoka mpaka dukani kununua kiberiti ambacho hakuhitaji. Alisalimu njia nzima.


Jumapili, 22 Juni

Tumekaa leo, baada ya Adhuhuri, sisi watatu, ukumbini. Zein kalala hapa tangu jana. Mvua nyembamba, ya kumalizia.

Niliwasomea hesabu mstari kwa mstari. Zein alifuata kwa penseli. Kwenye 68,000 akauliza ushahidi, nikampa jina la Musembi na namba ya simu ya hoteli. Kwenye sakafu hakuuliza, alishaiona. Kwenye usumbufu wa miezi sita akasema ni nyingi, Bi Hafidha akasema ni chache, wakakaziana macho, ikabaki ilivyo.

"Na turubai?" Zein akauliza. "Linavuja. Mbona hukulitoa?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimejiahidi. "Turubai ni langu. Nilifunika kifereji nilipolishona. Maji yaliyoozesha sakafu ni mshono wangu. Nitashona jipya kwa fedha yangu, kwa yeyote atakayelichukua gari. Na kama mnaona na ile sakafu niibebe, semeni sasa."

Zein alikuwa bado anajaribu kuelewa. Bi Hafidha akavuta mtandio.

"Gharib alijua," alisema.

"Alijua nini, Mama?"

"Kila masika alikuwa akiweka bakuli nyuma ya kiti. Asubuhi analimwaga. Nikamwambia, mwambie binti yako arekebishe. Akasema, 'Turubai hilo kashona Siti, halivuji.' Na bakuli kalishika mkononi. Na lami kaipaka mwenyewe, usione."

Nilipaswa kulia, nadhani. Nilikasirika. "Angeniambia," nikasema, "ningelirekebisha siku ile ile kwa shilingi arobaini za uzi! Elfu kumi na nne, Mama! Kwa heshima gani hiyo?"

"Yake," akasema Bi Hafidha. "Ndiyo aliyokuwa nayo."

Zein akaanza kucheka kwa puani, nikamtazama kwa ukali, kisha na mimi yakanishinda, na machozi yakaja hapo hapo, yamechanganyika, sijui yalikuwa ya lipi.

Wakaamua sakafu ni ya wote, maana mwenye gari alijua akanyamaza. Hilo alilisema Zein, na kwa mara ya kwanza nimeona faida ya kusoma bima.

Kisha nikamwambia sharti langu. "Bei nimeiweka mimi, 42,000. Kuchagua ni kwako. Ulichukue gari utulipe 17,500, mimi na Mama. Au uniachie mimi, nikupe 24,500 na Mama chake. Kitabu changu cha posta hiki hapa, fedha zipo. Sitabishana na utakalosema."

Aliinuka mara moja kama aliyekwisha amua, akatoka kulitazama. Nikajiambia: akirudi haraka, nimekosea bei.

Hakurudi haraka. Alifungua boneti akaifunga. Akaketi kwenye usukani, mikono yake kwenye mapaja. Akashuka, akatia kidole kwenye mwanya wa mlango. Akaenda upande wa pili akatia kidole huko. Akatoa penseli, akaandika kiganjani, akafuta kwa mate. Bi Hafidha alipika chai, akaipoza, akapika nyingine. Zein alikuja mlangoni akauliza, "Dada, wewe ungechukua lipi?"

"Lolote."

"Kweli?"

"Wallahi, lolote."

Akarudi nje. Ikaadhiniwa Alasiri. Akaenda msikitini, akarudi, akasimama tena kwenye manyunyu, kanzu imemganda mgongoni. Bi Hafidha akasema, "Huyu mke alimchagua kwa wepisi zaidi." Na kweli, posa ya Zein ilichukua dakika kumi.

Mwisho aliingia. "Nalichukua."

Alikuwa amekuja na fedha ndani ya bahasha, mkopo wa ofisi, na bahasha ilikuwa na zaidi ya zile za jedwali lake. Kumbe alikuja tayari kukubali kushindwa. Akamhesabia Bi Hafidha 5,250 kwanza, kwa mikono miwili. Akanihesabia mimi 12,250. Nikazihesabu tena, nikakuta zimetimia.

Alipokuwa akiweka ufunguo mfukoni nilihisi kijuto kidogo kifuani, cha gari. Nikajipima haraka kabla hakijapoa: angeliniachia, ningejuta hivi hivi kwa ajili ya fedha? Ndiyo. Kwa kadiri ile ile, hata senti haikuzidi.

Nimemwambia aniachie gari mpaka Jumanne, nipime turubai.